Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la Washington: utujibu kuhusu springi za magazini

Mheshimiwa,

Sisi wamiliki wa silaha tuongeao Kiswahili tunakuandikia kwa heshima, ila subira imetuishia. Tarehe 8 Mei 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo ilitoa hukumu katika kesi ya duka la bunduki la mjini Kelso. Majaji 7 dhidi ya 2 walisema katazo la magazini (visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki) zinazobeba zaidi ya risasi 10 linabaki palepale, na kwamba magazini hizo si silaha kwa maana ya Katiba. Ofisi yako ilishinda, na hatuandiki kuirudia kesi hiyo. Tunaandika kwa sababu tangu siku ile hapana tena neno la "tungoje mahakama iseme". Mahakama imesema, na sisi tunaoishi chini ya sheria hii bado hatujui mambo ambayo mtu anayeweza kufungwa kwa ajili yake ana haki ya kuyajua mapema.

Sheria hiyo ilianza kazi tarehe 1 Julai 2022. Inakataza kutengeneza magazini kubwa, kuiingiza jimboni, kuisambaza, kuiuza na kuitangaza kwa mauzo. Haikukataza kuwa nayo. Aliyekuwa na magazini zake kabla ya siku hiyo aliachiwa, na Bunge liliandika hivyo kwa kujua. Tulilichukua neno hilo kama ahadi ya serikali kwa watu ambao hawajavunja sheria yoyote, na leo tunakukumbusha ahadi hiyo.

Shida iko kwenye kifungu cha tafsiri. Pale imeandikwa kwamba magazini kubwa ni chombo kizima kinachoweza kupokea zaidi ya risasi 10, na pia ni seti ya kubadilishia, kipuri, au mkusanyiko wa vipuri ambavyo vikiwa mikononi mwa mtu mmoja vinaweza kuunganishwa vikawa chombo hicho. Soma tena neno hilo moja, Mheshimiwa: kipuri.

Magazini ya bastola ni kitu cha kuchakaa kama tairi la gari. Ina ganda, springi, kisukumio kinachopandisha risasi, na kifuniko cha chini, na nyingine zina kibao kidogo cha kukifunga kifuniko kisitoke. Kila kimoja kina namna yake ya kufa. Ganda hupasuka au kutanuka kwenye midomo yake ya juu, zile kingo mbili zinazoishika risasi, na midomo ikishatanuka risasi hutoka mbili kwa pamoja au huinuka kwa pembe mbaya. Kisukumio humeguka kwenye pembe. Kifuniko hupata ufa magazini inapoanguka kwenye sakafu ya saruji ikiwa imejaa.

Springi ndiyo hufa taratibu. Haichoki sana kwa kukaa imebanwa ndani ya droo, kama wengi wanavyodhani. Inachoka kwa kujazwa na kumwagwa, kujazwa na kumwagwa, na kwa kutu, hasa huku magharibi ya milima ya Cascade ambako mvua haikauki. Dalili zake anazijua kila anayekwenda kulenga shabaha. Risasi mbili tatu za mwisho hazipandi kwa wakati. Ncha ya risasi inainama na kugonga chini ya chemba, yaani tundu la mtutu inamoingia risasi. Bastola ikiisha risasi, mtutu hauachwi wazi, slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza) inajifunga kana kwamba bado ipo moja. Ukiifungua magazini hiyo (pini kwenye kitundu cha kifuniko, unaminya mbavu za ganda, unatelezesha kifuniko huku dole gumba limeizuia springi, na miwani iko machoni) utaona springi iliyokufa inachungulia kidogo tu nje ya ganda, wakati mpya inasimama mbele yako kwa urefu. Dawa yake ni ya dola chache. Unatoa ya zamani, unaweka mpya kwa mwelekeo uleule, kitanzi cha juu kikiwa kimekaa sawa chini ya kisukumio. Ukikigeuza, magazini itakwama kuliko mwanzo.

Sasa tuambie. Mtu mwenye magazini ya risasi 15 aliyoinunua kihalali mwaka 2019, akiagiza springi hiyo leo, ameagiza springi au ameagiza magazini kubwa? Akiipokea kutoka kwa muuzaji wa Texas, ameingiza jimboni kitu kilichokatazwa? Sheria inaeleza "kutengeneza" kuwa ni kuunda au kujenga kwa kazi ya mikono au kwa mashine. Kuweka springi mpya ndani ya ganda la zamani ni kukarabati au ni kuunda? Na mwenye magazini mbili mbovu, moja ganda limepasuka na nyingine springi imechoka, akichukua springi nzima ya huku akaitia kwenye ganda zima la kule, amevunja sheria akiwa mezani kwake bila kununua wala kuuza chochote?

Wapo wauzaji wanaofuta oda mara tu wanapoona anwani ya Washington, hata kama kilichoagizwa ni kifuniko cha chini cha plastiki. Hatuwalaumu. Ofisi yako ina uwezo wa kuwashtaki kwa Sheria ya Kumlinda Mlaji, kwa sababu uuzaji wa magazini hizi umewekwa humo kama biashara isiyo ya haki. Mfanyabiashara akiona neno "kipuri" lisilo na mpaka, anafunga mlango. Anayebaki na kitu kibovu ni mwenye bastola ya kulinda nyumba yake. Magazini inayokwama haimpunguzii mhalifu chochote. Inamhatarisha mwenye nyumba tu.

Tunadhani, na tunasema tunadhani, kwamba neno hilo liliwekwa ili kuziba njia ya wauzaji wa seti za kubadilishia, zile zinazouzwa vipande vipande ili mnunuzi aunganishe mwenyewe nyumbani. Kama ndivyo, lengo linaeleweka. Basi liandikwe hivyo, na aliyekuwa na magazini nzima kabla ya Julai 2022 ajue kwamba ukarabati wake haumo.

Springi si jambo pekee, ingawa ndilo linalotuumiza kila siku.

Mtu wa Spokane anaweza kufika Coeur d'Alene, Idaho, kwa mwendo wa nusu saa, na huko hakuna kikomo cha risasi. Sheria yetu inasema akitoka na magazini yake na kurudi na ileile, hakuingiza kitu. Vizuri. Lakini magazini hazina namba za usajili. Baadhi zina alama ya mwezi na mwaka wa kutengenezwa ndani ya ganda, nyingi hazina. Risiti ya kitu cha dola 20 cha mwaka 2017 nani anayo? Tunashauriana kuzipiga picha magazini zetu zote, kuzitia namba kwa rangi (jambo zuri hata kwa kujua ipi inakwama), na kuhifadhi picha hizo na tarehe zake. Je, askari akizikuta magazini hizo kwenye buti ya gari, picha hizo zina maana yoyote kwake? Hakuna aliyetuambia.

Wanaohamia wako pabaya zaidi. Watu wetu wanatoka Texas, Arizona na Minnesota kufuata kazi za viwandani na hospitalini huku Kent, Tukwila na Tacoma. Anapovuka mpaka na magazini ya risasi 17 iliyokuja na bastola yake kutoka kiwandani, ameingiza. Njia salama ni aziuze au aziache kabla ya safari, anunue za risasi 10, au azibadilishe kwa kudumu zisiweze kupokea zaidi ya 10 kabla hajaingia. Hiyo ya mwisho sheria inairuhusu, ila haisemi "kwa kudumu" ni kiasi gani. Kijiti cha kuzuia risasi za ziada kilichokaa chini ya springi kinatoka na kifuniko kwa dakika moja, kwa hiyo tunajua hakitoshi. Riveti (pini ya kubana) iliyopitishwa kwenye ganda na kijiti pamoja inaweza kutobolewa kwa drili. Gundi ya epoksi haishiki vizuri kwenye baadhi ya plastiki. Kati ya hizo, waendesha mashtaka wako wanakubali ipi? Kuna kaunti 39 katika jimbo hili, na hatutaki kuwa na majibu 39.

Halafu kuna kusambaza. Sheria inasema ni kutoa, kupatia, kuweka mtu mwingine aweze kukipata, au kumfikishia, kwa malipo au bila malipo. Mume akimkabidhi mkewe magazini wakiwa wamesimama kwenye mstari mmoja wa kulengea shabaha, je? Na mwenye mali akifariki, mjane akazikuta kabatini, afanye nini siku ya kwanza? Sheria ya mwaka 2023 ya bunduki za kivita ilitaja urithi waziwazi. Kwa magazini tunataka jibu lililo wazi namna hiyo hiyo.

Usidhani tunakuza mambo. Kuvunja sheria hii ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi siku 364 na kumtoza faini ya hadi dola 5,000. Kwa mzaliwa wa hapa ni pigo. Kwa ndugu yetu mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), au mkimbizi kutoka Kongo ambaye bado anangoja uraia, ni zaidi ya pigo, kwa kuwa sheria ya shirikisho inayataja makosa ya silaha miongoni mwa sababu za kumwondoa mgeni nchini. Mtu huyu atakaa mbele ya afisa wa uhamiaji akiulizwa juu ya hukumu, na hukumu yenyewe chanzo chake ni springi. Wengi wameamua kuzifungia bastola zao tu, wengine wanaendelea kutumia magazini wanazojua zinakwama. Hali zote mbili hazimpi mtu usalama, awe mwenye silaha au jirani yake.

Tunajua ofisi yako haimshauri mtu binafsi. Maoni rasmi hutolewa kwa viongozi wa serikali, wabunge na waendesha mashtaka wa kaunti. Ndiyo sababu hatukuombi ushauri wa mtu mmoja mmoja. Tunaomba mwongozo wa wote, na mfano upo. Colorado ilipoweka kikomo cha risasi 15 mwaka 2013, watu walichanganyikiwa kama sisi, maana sheria ilitaja magazini "zilizoundwa ili zibadilishwe kwa urahisi" zipokee zaidi ya hizo na karibu kila magazini ina kifuniko kinachotoka. Mwanasheria Mkuu wa huko wakati ule, John Suthers, aliandika mwongozo mwaka huohuo. Akasema kifuniko kutoka peke yake hakuifanyi magazini kuwa haramu, na akaeleza kuendelea kuimiliki maana yake nini mwenyewe anapompa mwenzake kwa muda. Uliandikwa na ofisi kama yako, na kikomo cha risasi 15 kilibaki kama kilivyokuwa.

Tarehe 1 Mei 2027 itaanza sheria nyingine, ya kibali cha kununua silaha, yenye mafunzo na alama za vidole. Tutaifuata. Lakini msituongezee ngazi mpya kabla hamjatueleza hii tuliyoikanyaga tangu 2022.

Kama huwezi kujibu yote, jibu moja. Mtu aliyemiliki magazini yake kihalali kabla ya tarehe 1 Julai 2022 anaruhusiwa kununua springi, kisukumio na kifuniko cha kuikarabati, ndiyo au hapana? Andika kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili pia, uweke saini, uwapelekee waendesha mashtaka wote wa kaunti na maduka yote yenye leseni. Tukiambiwa hapana, tutajua na tutaacha. Tunachokataa ni kuachwa hivi.

Tunangoja jibu kwa maandishi.

Wako katika kuifuata sheria,
Wamiliki wa silaha waongeao Kiswahili, Kent, Tukwila na Tacoma