Barua ya wazi kwa Waziri wa Ustawi wa Jamii: Jirani uliyemsema ni mimi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima inayostahili ofisi yako, naomba dakika zako chache. Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza nilizileta kwa njia ya kawaida, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Kwa kuwa muhuri ndilo jibu pekee nililopata, hii ya tatu nimeona niiandike mbele za watu.

Wiki mbili zilizopita ulivunjwa mlango unaofuata wangu. Mzee aliyeishi humo peke yake alikutwa amefariki, na waliokuja kumchukua walisema huenda alikuwa na siku nne tangu akate roho. Habari ilipoenea ukahojiwa, nawe ukasema kwamba chanzo ni mmomonyoko wa maadili, kwamba siku hizi jirani hamjali jirani, na kwamba kila familia ijitathmini.

Jirani uliyemsema ni mimi, Mheshimiwa.

Sikatai sehemu yangu. Katika siku zile nne redio ya mzee haikuzimwa. Ukuta wetu ni mwembamba, na kila asubuhi niliporudi kutoka lindoni niliisikia ikisoma taarifa ya habari, nikalala nikiwa na hakika kwamba yupo na anasikiliza. Siku ya tatu niliona bahasha imechomoza chini ya mlango wake. Nikajiambia kwamba nikiamka nitabisha hodi. Nilipoamka giza lilikuwa limeshaingia na nilikuwa nimechelewa zamu. Hilo ni langu, na sitamtwika mtu mwingine.

Lakini kwa kuwa umetuagiza tujitathmini, nimejitathmini. Kwa miaka 19 nilikuwa karani wa ghala, nikitoka asubuhi na kurudi jioni, na jioni hizo mzee na mimi tulikaa ngazini tukibishana mambo ya dunia. Ghala likafungwa. Leo nalinda majengo mawili usiku, saa 12 kila zamu, siku sita kwa wiki. Mke wangu anatoka kabla sijarudi, na zipo wiki ambazo tunaonana ngazini tu, mmoja akipanda na mwingine akishuka. Watoto wawili wa mzee walihama kufuata ajira, kama sisi wenyewe tunavyowahimiza vijana wafanye. Mmoja alikuwa akimpigia simu kila Jumapili. Jumapili ile simu haikupatikana, akadhani imeisha chaji. Sasa nisaidie kuelewa: katika haya yote, ni wapi hasa maadili yalipomomonyoka, na ni wapi palipobadilika saa za kazi?

Lindoni usiku ni mrefu, na mtu asiyeruhusiwa kulala husoma. Nimesoma kwamba mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, alitenganisha shida ya mtu binafsi na suala la umma. Katika mji wa watu 100,000, alisema, akikosa kazi mtu mmoja tu, mtazame huyo mtu, tabia yake na ujuzi wake. Katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, hutapata jibu kwa kumchunguza mmoja mmoja, kwa maana mfumo wenyewe wa nafasi za kazi umeanguka. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Mmoja kati ya sita, Mheshimiwa! Je, wote hao wamekosa malezi?

Kisa kilichoninyima utulivu zaidi ni cha Chicago. Mwezi Julai 1995 joto kali liliua watu zaidi ya 700 katika jiji hilo kwa muda wa siku chache, wengi wao wazee, na wengi wakiwa peke yao majumbani. Kiongozi wa huduma za jamii wa jiji akasema hadharani kwamba waliokufa ni watu waliojitelekeza wenyewe. (Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kwanza.) Baadaye mtafiti Eric Klinenberg akalinganisha mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale, yote yenye watu maskini na yenye wazee wengi wanaoishi peke yao. Katika mtaa wa kwanza kiwango cha vifo kilikuwa takriban mara kumi ya kile cha wa pili. Tofauti aliyoikuta ilikuwa barabarani. North Lawndale ilikuwa imepoteza viwanda, maduka na wakazi wake kwa miongo kadhaa, na mzee aliogopa kutoka nje kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda wala wa kumwona akipita. Mtaa wa pili ulikuwa na maduka na pilikapilika mchana kutwa, kwa hiyo wazee walitoka, wakaonekana, na asiyeonekana akaulizwa.

Hapo ndipo nilipolikumbuka dirisha.

Mheshimiwa, mzee wetu alikuwa akienda kila mwezi kwenye dirisha la huduma la idara yako kuchukua posho yake. Alikuwapo karani pale, mama mmoja mkali kidogo, aliyemjua kwa jina. Mwezi mmoja mzee aliugua asiende, na mama yule akatuma mtu kuuliza. Hapakuwa na mradi wala semina ya kupambana na upweke. Palikuwa na daftari na karani mwenye macho. Mwaka juzi ukayafunga madirisha yote kwa sherehe, ukasema huduma sasa ziko kiganjani. Ukaahidi, na maneno yako nayakumbuka, kwamba maafisa ustawi wa jamii wakiondolewa mzigo wa makaratasi watatoka ofisini na kuwafikia wazee majumbani mwao. Sijamwona hata mmoja. Labda walikuja mchana, nikiwa nimelala.

Kiganja cha mzee kilikuwa na simu ya vitufe. Uhakiki wa wapokeaji posho ulipofika alikuja kwangu na fomu yake, nikampa simu yangu. Ilimtaka ajipige picha ya uso akiwa ametulia. Mikono yake ilitetemeka. Kamera ikamkataa mara tano, na mara ya sita ikatuambia tujaribu tena baada ya saa 24. Akacheka, akasema hata serikali sasa inataka mtu atulie kabla ya kumtambua. Tulijaribu tena siku mbili tofauti. Posho ikasitishwa. Nakisia, na nasema nakisia kwa kuwa hakuna aliyenieleza rasmi, kwamba ndipo alipoanza kuruka siku za dawa ili zifike mwisho wa mwezi. Barua zangu mbili zilikuwa juu ya jambo hilo. Ninazo, kama nilivyosema, zikiwa na muhuri.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mifumo ya kwenye simu inawafaa wengi, mimi nikiwa mmoja wao, na sijakuomba uifute. Wala siombi utufanyie kama Uingereza, iliyoteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, au Japani iliyofuata mwaka 2021. Waziri tunaye, na tunamsikia mara kwa mara redioni. Siombi hata utuombe radhi sisi majirani.

Nilikusudia kuorodhesha madai. Nilitaka kusema juu ya zamu za saa 12, juu ya wazee wanaoishi peke yao ambao idadi yao katika mtaa wetu hakuna ofisi iliyoweza kunitajia, na juu ya maafisa ulioahidi. Yote yanastahili jibu. Ila nimeandika mara mbili nikaona jinsi barua yenye mambo mengi inavyopokelewa, basi nabaki na moja: rudisha dirisha. Dirisha moja, lenye karani na daftari, lifunguliwe hata siku mbili kwa wiki.

Ghorofa ya chini yetu yuko bibi ambaye macho yake yana mtoto wa jicho, na simu haimsomi wala yeye haisomi. Sasa nambishia hodi kila jioni kabla ya kwenda zamu, naye ameshaanza kunilalamikia kwamba namkatiza usingizi. Uhakiki wake unafikia ukomo mwisho wa mwezi ujao. Naomba dirisha liwe wazi kabla ya siku hiyo.

Wako kwa heshima,
Jirani wa mlango unaofuata