YAH: TUNDU LA AV LISILO NA MAELEZO KWENYE TELEVISHENI ZENU ZA INCHI 43

Meneja, Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi ni mafundi wa deki za kuchezea kanda na wahamishaji wa picha kutoka kanda za VHS. Televisheni zenu za inchi 43 zina tundu moja la AV (la kuingizia sauti na picha) la milimita 3.5. Waya wake haumo kwenye boksi, na kitabu cha maelekezo hakisemi jeki yake, yaani ncha inayoingia kwenye tundu hilo, ipangweje.

Jeki hiyo ina pete tatu nyeusi zinazoigawa sehemu nne: sauti ya kushoto, sauti ya kulia, picha na ethi (njia ya kurudi ya umeme). Upande wa deki waya una plagi za rangi: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Nyaya za madukani zinafanana kwa macho, ila ndani zimepishana. Nyingine picha iko sehemu ya pili kutoka nchani, nyingine iko shinani. Mteja anachomeka njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, anapata kioo cheusi na spika zinazonguruma, maana picha imeingia njia ya sauti. Anaamini deki imekufa, anaitupa pamoja na kanda za harusi ya wazazi wake. Inauma, kwani deki ilikuwa nzima.

Ethi ikiwa mahali pake, inatosha kuchomeka plagi nyekundu kwenye tundu la njano la deki. Ikiwa imehama, hakuna kubadilisha rangi kutakakosaidia. Ni kupima kwa mita ganda la plagi limeungana na sehemu ipi ya jeki, kisha kutafuta waya mwingine.

Njia ya antena nayo imefungwa: deki hutoa mawimbi ya analojia, mara nyingi UHF chaneli 36, na televisheni hizi hupokea dijitali tu. Baya zaidi, dawati lenu linawaambia watu wanunue kigeuzi cha HDMI (tundu la dijitali la picha na sauti) kwenda AV. Hicho ni cha televisheni za zamani! Deki inahitaji cha AV kwenda HDMI, chenye umeme wake wa volti 5.

Halafu menyu ya ukubwa wa picha imefungwa kwenye 16:9, umbo pana la kioo. Picha ya 4:3, umbo la kanda za VHS, inavutwa, nyuso zinapanuka kwa theluthi nzima.

Tunaomba mchapishe mpangilio wa jeki, muuze waya sahihi, mfungue 4:3 kwenye programu, na mrekebishe ushauri wa dawati. Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Mkihitaji, tutakuja dukani kwenu na deki, kanda na nyaya zote mbili mjionee.

Mafundi wa deki,
Dar es Salaam