YAH: Malalamiko kuhusu utambuzi na ukadiriaji wa vipande vyangu vya rivolva

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Niliwakabidhi sanduku la vipande vya rivolva kuukuu alivyoniachia marehemu baba mkubwa, nikalipia mvitambue kimoja kimoja na kuvikadiria thamani. Nimerudishiwa sanduku pamoja na karatasi yenye mstari mmoja: "Vipande mchanganyiko vya Webley, thamani ya chuma chakavu."

Nyundo mbili na baadhi ya springi ni za Webley, kampuni ya silaha ya Uingereza, kweli, sibishi. Lakini silinda (sehemu inayozunguka yenye vyumba vya risasi) niliyoifunga kwenye kitambaa cheupe haiwezi kuwa ya Webley. Rivolva za Webley mnazozitaja hutumia risasi zenye ganda la shaba, kwa hiyo vyumba vya silinda vimetobolewa toka mbele hadi nyuma, na katikati hukaa kitoa maganda chenye umbo la nyota. Silinda yangu imezibwa nyuma, na kila chumba kina kichuchu cha kuvalishia fataki, yaani kikofia kidogo cha mlipuko kinachowasha baruti. Ukiigeuza mara moja tu mkononi unaona.

Mtutu wa pembe nane nao mmeuita wa Webley, ilhali juu yake pameandikwa "ADDRESS COL. COLT LONDON", maandishi yanayosomeka bila miwani. Samuel Colt, mtengenezaji silaha Mmarekani, alifungua kiwanda London mwaka 1853, kikadumu miaka michache tu. Mtutu huo una kipenyo cha inchi 0.36, na pamoja na silinda ile unatoka kwenye Colt Navy ya 1851. Rivolva hiyo haina daraja la chuma juu ya silinda. Mtutu hushikiliwa na kabari inayopenya kwenye mhimili. Kabari ilikuwemo sandukuni, ina tarakimu za mwisho za namba ileile iliyopigwa kwenye mtutu na kwenye silinda. Kila mkusanyaji anajua kwamba vipande vyenye namba moja vina thamani zaidi vikikaa pamoja. Ninyi mmeitupa kabari kwenye mfuko wa skrubu.

Hayo yote ningeyavumilia, kwa kuwa karatasi huandikwa upya. Silinda haiandikwi upya. Mmeisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa.

Kwenye silinda za Navy, Colt aliweka picha ya mapigano ya baharini kati ya Texas na Meksiko ya tarehe 16 Mei 1843, mchoro wa mchongaji Waterman Ormsby. Nakshi yake ni nyembamba mno, haistahimili kusuguliwa. Siku ninaikabidhi kwenu, milingoti ya merikebu mbili na sehemu ya tarehe vilionekana chini ya rangi ya kahawia ya uzee. Picha nilizopiga siku hiyo nimeziambatanisha. Leo ni chuma cheupe kitupu. Baba mkubwa aliitunza silinda ile miaka yote bila kuipitishia hata msasa, nami sikuwaomba popote msafishe chochote.

Wala siwaombi mnipandishie bei. Silinda ya pili sandukuni ina alama ya PN, alama ya Italia ya kujaribiwa kwa baruti nyeusi. Hiyo ni nakala ya siku za karibuni, na nilitegemea mniambie hivyo waziwazi. Nayo mmeiita ya Webley.

Kinachonitia shaka zaidi ni kwamba wiki hiyohiyo idara yenu ya ununuzi ilinipigia simu ikitaka kulichukua sanduku lote kwa bei ya chakavu.

Naomba nirudishiwe ada yote. Naomba vipande vitambuliwe upya na mtu anayezijua rivolva za fataki, kila kipande na maelezo yake, na vile vya namba moja viorodheshwe pamoja. Nataka pia maelezo ya maandishi: nani aliagiza silinda isuguliwe na kwa sababu gani. Kuhusu fidia, thamani iliyopotea ikadiriwe na mtaalamu asiye wa kampuni yenu, akitumia picha zangu za kabla.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Sanduku ninalo mimi. Mtaalamu atakayeteuliwa atavikagua vipande mbele yangu, bila brashi wala mafuta.

Wenu,
Mteja mwenye sanduku la vipande vya rivolva