Dabo Si Adhabu Tena

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Juzi kwenye simu nilikuelewa nusu tu, maana ulikuwa unafoka, na briji, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili unaoanza kwa mnada wa kuahidi mtakula mara ngapi, haielezwi kwa kufoka. Basi nimekaa barazani na kahawa yangu, nimezipanga karata zako mkekani kama ulivyozitaja: shupaza sita na tatu, kopa kingi, jeki, saba na nne, uru tisa, tano na mbili, pau ree, kumi, nane na tatu. Nimezihesabu, 13 kamili. Mwenzio kafungua mnada kwa uru moja, jirani, mpinzani wenu, kaingilia na shupaza moja, nawe ukasema kopa mbili. Mwenzio akakupandisha hadi kopa nne, mkaanguka vibaya, naye akakununia mpaka mlipoachana.

Wataka nikuambie kuwa yeye ndiye mkosa. Siwezi, mwanangu. Kosa ni lako.

Hesabu kwanza. Ree 4, kingi 3, kwini 2, jeki 1; wewe una alama 8. (Na usichanganye na za hapa barazani, ambako ree ni 11, saba ni 10, na kingi twamwita mzungu wa nne kwa kuwa thamani yake ni hiyo nne. Marehemu babu yako ilimchukua muda kumshusha mzungu wa nne awe wa tatu.) Jirani asingetia mdomo, ungesema kopa moja, na kwa tamko hilo karata nne za kopa na alama 6 zatosha kabisa. Lakini kakikalia kiti chako, maana shupaza moja iko juu ya kopa moja. Sasa kopa ni lazima uzitaje kwenye daraja la pili, na huko maneno ni ghali: kopa mbili zaahidi karata tano za kopa au zaidi, na alama 10 kwenda juu, na mwenzio haruhusiwi kunyamaza. Yeye kaamini ulichosema. Ungetaka afanye nini?

Karata zile neno lake ni moja, dabo, neno la mnadani ambalo asili yake ni kuikuza hesabu ya ahadi ya mpinzani, akiitimiza au akianguka.

Najua utashtuka, kwa sababu dabo niliyokufundisha ulipokuwa mdogo ilikuwa ya kumwadhibu mtu aliyejitapa. Hiyo ndiyo aliyoijua babu yako, aliyefundishwa briji na wasimamizi wa shamba la mkonge waliopungukiwa mtu wa nne, wakamwita karani wao akae. Lakini fikiri: jirani akiingia na shupaza moja tu, ni mara ngapi utakuwa na shupaza za kumwadhibu? Mara chache mno. Ni mara ngapi utakuwa na kopa nne na huna pa kuzitajia? Karibu kila jioni. Basi Mmarekani Alvin Roth akaligeuza neno hilo. Ilikuwa 1957, mwaka ule ule Warusi waliporusha Sputnik angani, na dabo hiyo mpya ikaitwa Sputnik. Yasema hivi: "Nina alama 6 au zaidi, nina kopa nne, kiti changu kimekaliwa, chagua wewe." Mwenzio akiwa na kopa nne atasema kopa mbili, mtatulia hapo. Akiwa hana, atarudi kwenye uru zake, au ataendea bila turufu kama shupaza za jirani anazo za kuzuia.

Mie niliisoma kwenye kijitabu nikiwa na miaka 17, nikajiona nimefika. Usiku huo huo babu yako akafungua uru moja, mgeni akaingia na shupaza moja, nami kwa madaha nikasema dabo. Sikuwa nimemwambia chochote. Mzee akanitazama juu ya miwani, akadhani binti yake kashika shupaza za kutisha, akapita. Kwa shupaza moja, yaani sita na moja juu, mgeni alitakiwa ale mara saba. Alikula mara tisa. Babu yako hakusema neno. Alizikusanya karata, akazigonga mezani zikalingana kingo, akaniuliza, "Na hiyo lugha umeipata wapi?"

Kwa hiyo kabla ya kukaa tena, mkae na mwenzio mkubaliane. Dabo ni swali mpaka daraja gani? Wengine huishia shupaza mbili, wengine tatu. Yoyote, ilimradi wote wawili mnajua. Na wapinzani nao wana haki ya kujua, wakiuliza, mnawaeleza. Hapa mtaani tunakonyezana na kukunja midomo, na ni nusu ya utamu. Huko kwenu ukikonyeza ni wizi.

Jambo jingine, kiti kikikaliwa si hasara tupu. Jirani kakupa maneno mawili usiyokuwa nayo. Moja ni hilo dabo. La pili ni aina yake mwenyewe. Mwenzio akifungua kopa moja, jirani akasema shupaza moja, nawe ukasema shupaza mbili, husemi kuwa wazitaka shupaza. Wasema kopa zake umezikubali na una alama 10 au zaidi. Ndiyo maana kurukia kopa tatu siku hizi ni kwa mnyonge: karata nne za kopa na alama chache, unawafungia wapinzani mlango kabla hawajaonana. Ukiwa na alama 8 hadi 10 na kizuizi cha shupaza zao, bila turufu moja yatosha.

Waniuliza, na siku nikiwa nazo kweli shupaza tano nene, adhabu imekwenda wapi? Haijaenda mbali. Unapita tu, uso mkavu kama unawaza bei ya nazi. Shupaza zikiwa nyingi kwako, mwenzio atakuwa nazo chache, naye akiona kimya chako, mara nyingi ataamsha mnada kwa dabo. Hapo unapita mara ya pili. Sasa ni adhabu, na jirani hana pa kukimbilia. Wewe tangu utotoni kimya hukiwezi, kwa hiyo hili ndilo litakaloshinda mengine yote kwa ugumu.

Nakupa moja ya kunijibu. Mwenzio kafungua pau moja, jirani kasema kopa moja. Unazo shupaza kingi, kumi, tisa na sita. Kopa nane na mbili. Uru kwini, saba, tano na nne. Pau jeki, tano na tatu. Unasema shupaza moja au dabo? Nipigie Ijumaa baada ya swala, na usimwulize mwenzio.

Mama yako