Risala ya Kikundi cha Wajane na Wasaidizi wa Kisheria kwa Mheshimiwa Mbunge, Siku ya Wanawake Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, viongozi wa dini, wazee wa koo mliokubali kuja ingawa mlijua tutasema nini, kina mama na kina baba, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, karibu sana. Tunajua una majukumu mengi, hivyo tunashukuru kwamba safari hii umekuja mwenyewe.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2014 kikiwa na wanachama 9. Leo tuko 46. Tuna ofisi (ni chumba kimoja, lakini kina kufuli), tuna vyerehani vinne, vitatu vinashona, na migogoro ya mirathi tuliyoisuluhisha ni mingi kiasi kwamba Mtendaji akiona mjane mlangoni kwake anamwelekeza kwetu. Tunathubutu kusema hakuna kikundi kinachotufikia katika tarafa hii. Historia tuishie hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi hatutaki kila sheria ya zamani ifutwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya zamani, lakini kifungu chake cha 114 ndicho kinachompa mama aliyeachika mgawo wa mali waliyochuma pamoja, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kupika na kulea nako huhesabiwa kuwa mchango. Hicho tunaomba kisiguswe. Kifungu cha 13 cha sheria hiyohiyo, kilichoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, Mahakama ya Rufani ilikikataa Oktoba 2019. Hilo wapo wenzetu wanaolipigania.

Letu ni Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lenye kanuni za urithi wa kimila. Humo urithi unafuata upande wa kiume. Mtoto wa kwanza wa kiume yuko daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti wote la tatu. Ardhi ya ukoo binti anaweza kuitumia, kuiuza hapana. Mjane hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Asiye na watoto, Mheshimiwa, shemeji zake huanza kupima kibanja kabla matanga hayajaanuliwa. Migomba aliipanda yeye, kahawa aliichuma yeye.

Ajabu ni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Na hapa hapa Kagera ndipo lilipotoka shauri la Ephrahim na Pastory, ambalo Jaji Mwalusanya aliliamua mwaka 1990 kwamba binti aliyerithi shamba ana haki ya kuliuza kama kaka yake. Kwa hiyo sheria mbili zinavutana, na baraza la ukoo husoma ile inayolifaa. Mjane mwenye nauli ya kufika Mahakama Kuu hushinda. Asiye nayo huhama.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizi zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikisema mila hazibadilishwi kwa hukumu, na ikaonyesha njia ya halmashauri za wilaya. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake nayo ilisema mwaka 2015 kwamba nchi yetu imekosea. Njia ya halmashauri imo katika Sura ya 358, ile sheria inayoeleza mahakama zitumie sheria zipi, kifungu cha 12: Baraza la Madiwani linapendekeza marekebisho ya sheria ya mila, Waziri anayatangaza.

Mheshimiwa, wewe ni Mbunge na pia ni mjumbe wa Baraza la Madiwani. Tukienda Dodoma tunakukuta, tukirudi halmashauri tunakukuta. Tunaomba hoja ya kurekebisha kanuni hizi iingie kwenye kikao cha robo mwaka kijacho, na utuambie leo, mbele ya kina mama hawa, kwamba utaisemea.

Tunasema leo kwa sababu wageni rasmi waliokutangulia nao walituahidi. Mmoja alisema jambo hili "liko kwenye mchakato". Mwingine alituahidi mashine ya fotokopi, akapigwa picha nyingi sana; tuliichongea na meza, na hadi sasa meza hiyo tunaitumia kukatia vitambaa. Mashine hatukukumbushi, Mheshimiwa. Tumeitaja tu.

Rasimu ya hoja, kurasa mbili, imo katika bahasha utakayokabidhiwa na Mwenyekiti. Kwa heshima zote tunaomba uipokee na uishike mwenyewe, kwani ya mwaka juzi alikabidhiwa msaidizi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi