Barua ya wazi kwa Mwakilishi wa Wadi yetu: tufungulie ukumbi

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu na za wazazi wenzangu. Niwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Tumeleta barua mbili ofisini kwako, zote zikapigwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninazo, na jibu hatujaliona. Simu yako inaita mpaka inakatika yenyewe. Msaidizi wako aliniambia kwamba Mheshimiwa ana shughuli nyingi, nikamwelewa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya nne sikumwelewa tena.

Jumamosi iliyopita tulifika kwenye ukumbi wa jamii saa nane mchana kwa kikao chetu cha wazazi na vijana, kama ilivyo ada yetu, tukakuta kufuli jipya mlangoni. Kubwa, la rangi ya dhahabu, kibandiko cha bei bado hakijabanduliwa. Mlinzi akatuambia ameagizwa asimfungulie mtu mpaka aruhusiwe na wakubwa, na kwamba siku hizi ukumbi unakodishwa. Tulikuwa wazazi 34 na vijana ishirini na kitu. Mvua ikaanza. Kina mama wakajibanza chini ya bati la kioski cha jirani, vijana wakasimama tu wamevuta kofia za sweta mpaka machoni. Mke wangu alikuwa amepika chai sufuria nzima, na mandazi 60 yalikuwa kwenye beseni limefunikwa leso. Tukagawa pale pale nje, watu wakanywa chai iliyochanganyika na mvua.

Kijana mmoja wa miaka 16 akanisogelea. "Fundi, leo hakuna?" Nikamwambia asubiri kidogo, tunapiga simu. Akakaa kwenye ngazi karibu nusu saa, mandazi mkononi, bila kuyala. Halafu akainuka akashika njia ya maskani, kijiweni kwa wenzake. Jumanne usiku alikamatwa na wenzake watatu, inasemekana ni mambo ya simu iliyoporwa karibu na steji ya matatu. Sijui kama alikuwemo. Wala sisemi kwamba kufuli ndilo lililomtia seli, kwa sababu huenda angefika huko hata kama tungefunguliwa. Ninachojua ni kwamba mama yake ameuza mtungi wa gesi atafute pesa za dhamana, na kwamba lile swali halinitoki masikioni. Fundi, leo hakuna?

Mheshimiwa, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Natengeneza mageti na madirisha, na huenda hata geti la mtu unayemjua limepita mikononi mwangu. Sikusomea malezi. Niliingia katika jambo hili kwa aibu, na naomba nikueleze aibu yenyewe ili usidhani tunakusanyika kutafuta chai na posho.

Mwanangu wa kwanza alipofika kidato cha pili alianza kurudi nyumbani usiku. Mimi nilijua dawa moja tu, mshipi. Nilimchapa mbele ya wadogo zake, na kesho yake nikamchapa tena. Siku ya tatu hakurudi. Nilimtafuta siku 11. Nilizunguka soko la Gikomba, nikaenda mtaa wa Korogocho kwa shemeji yangu, nikapita vituo vya polisi, kazi nikaifunga, wateja wakachukua malipo yao ya awali. Nilimpata sokoni Muthurwa, anabebea watu magunia ya vitunguu. Hakukimbia, hakulia. Aliangalia kiuno changu akaniuliza kama nimekuja na mshipi.

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikaa chini kwenye gunia.

Aliyenisaidia ni mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wetu, mama ambaye amefundisha nusu ya watu wazima unaowaona barabarani kwetu. Alituita wazazi saba sebuleni kwake. Mara ya kwanza alitugawia vipande vya karatasi, akasema: andika jina la rafiki wa karibu wa mtoto wako. Tukatazamana. Tulikuwa saba, walioandika ni wawili. Mimi sikuandika kitu. Wiki iliyofuata akawaita watoto, akawapa swali lilo hilo kutuhusu sisi. Mwanangu aliandika jina la rafiki yangu, akaongeza kwamba rafiki huyo ananidai na ndiyo sababu siku hizi sipiti kwake. Huyo ndiye mtoto niliyekuwa nikisema hana habari na nyumba yake.

Tangu hapo tumekua. Sebule ikajaa, tukahamia ukumbini. Kila Jumamosi saa nane hadi saa kumi na moja, wazazi wanakaa upande mmoja, vijana upande wa pili, na saa ya mwisho wote pamoja. Tunazungumza yale yanayotushinda: mtoto akikufungia mdomo ufanyeje, simu, bangi, mimba, fedha za karo zilizopotelea kwenye kamari. Kuhusu kamari naomba nisimame kidogo. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na siku hizo kila mtu aliongea juu ya vijana. Kwenye kikundi chetu baba mmoja alisimama akasema kwamba mwanawe anacheza, na aliyemfundisha kucheza ni yeye, walikuwa wanapanga mikeka pamoja Jumamosi kabla ya mechi. Alisema hayo mbele ya watu wote, sauti inatetemeka. Tangazo la siku 30 lilipita. Baba huyo bado anakuja.

Kina baba ndio kazi ngumu. Tulianza tukiwa wawili, sasa tumefika 13. Wengine Jumamosi wako mjengo, kwenye vibarua vya ujenzi, wengine wanaona haya, wengine wanaamini malezi ni kazi ya mama. Mwalimu wetu huwasomea kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, pale inaposema kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Kinawagusa. Mmoja aliomba kinakiliwe kwenye karatasi akipeleke kwao.

Na kila kijana tunampa mtu mzima mmoja asiye mzazi wake. Tunawaita kaka wakubwa na dada wakubwa. Tunaye muuguzi, fundi umeme, dereva wa matatu, mshonaji, hata askari jela mstaafu. Hatuwaahidi vijana kazi, na hilo tunawaambia siku ya kwanza ili mtu asije kusema alidanganywa. Wanachopata ni mtu wa kuwauliza: umekula? Jana ulilala wapi? Ule mtihani ulikwendaje? Wangu mimi huja kwenye banda langu Jumatano. Mara ya kwanza nilipompa miwani na chuma, mshono wake ulipinda kama njia ya mchwa. Nilimwacha ausage mwenyewe, akarudia, akasaga tena. Jioni mshono ulinyooka kiasi cha kidole kimoja. Aliupiga picha, akakaa akiutazama kwenye simu mpaka nikafunga banda.

Kijana huyo, Mheshimiwa, ndiye aliyekuwa kwenye ngazi.

Pengine utauliza kwa nini tusikutane nyumbani. Njoo uone nyumba. Ni futi 10 kwa 10, pazia katikati, kitanda upande huu, jiko upande ule, na watoto wanasikia kila neno. Mama hawezi kusema ameshindwa na mwanawe huku mwanawe yuko nyuma ya pazia. Shule hufungwa wikendi. Makanisa yana ratiba zao, na baadhi yetu ni Waislamu. Ukumbi ni wa watu wote, ndiyo maana tulikwenda pale.

Jambo hili linaniuma nikilifikiria hata sasa ninapoandika. Sheria ya vileo ya 2010 inaruhusu baa kufunguliwa saa nane mchana siku za wikendi. Saa nane. Jumamosi ile sisi tukiwa kwenye mvua, baa tatu za barabara ile zilikuwa zinafungua milango, na muziki ukaanza. Mlango uliofungwa ni wetu.

Unakumbuka kampeni za 2022? Ulisimama juu ya gari karibu na bomba la maji, vumbi limekujaa mabegani, ukanyoosha mkono kuelekea ukumbi ule ukasema, "Ukumbi huu ni wenu, na mimi nitauwekea umeme, vyoo na vitabu." Mke wangu alikupigia vigelegele. Mimi nilikupigia kura. Umeme tuliuvuta wenyewe, kila mzazi shilingi 150. Vyoo havijaja. Vitabu tulipewa na watu wa mtaa, vimo ndani sasa, kwenye kabati nililolichomelea mimi, nyuma ya kufuli lako.

Kwa nini mmefunga? Sijaambiwa, kwa hiyo nabaki kukisia. Wengine wanasema ni pesa, kwamba harusi na mikutano hulipa vizuri na pesa haiendi inakotakiwa. Hilo sina ushahidi nalo na simtuhumu mtu. Wengine wanasema ni kwa sababu tulikataa kuvaa fulana zenye picha yako ulipotutembelea. Kama ni hilo, naomba nieleze: tulikataa kwa sababu vijana wetu wako pande zote za siasa, na siku watakapoona picha ya mwanasiasa yeyote ukutani nusu yao hawatarudi. Haikuwa dharau. Labda ni mambo madogo zaidi, labda afisa fulani aliamua tu na wewe hujui. Ningefurahi sana ikiwa hujui.

Ila sitakubali kuambiwa tena kwamba mambo ya vijana yako serikali kuu. Nilielezwa hivyo kwenye meza ya ofisi yako. Jedwali la Nne la Katiba limetaja kazi za kaunti: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kulelea watoto, maeneo ya michezo, utamaduni na burudani ya umma, udhibiti wa dawa za kulevya, na pia kuwawezesha wananchi kushiriki katika uongozi wa mahali walipo. Kifungu cha 55 kinasema vijana wapewe elimu na mafunzo yanayowafaa na walindwe dhidi ya kunyonywa. Na tangu mtaala wa umilisi uanze 2019, walimu wanatuambia mzazi ni mshirika wa elimu ya mtoto. Tumekubali. Sasa huyo mshirika afundishwe wapi, na nani? Sisi tulianza kufundishana bila shilingi ya serikali.

Baada ya Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuandamana, nimesikia viongozi wengi wakiuliza wazazi wako wapi. Mheshimiwa, tulikuwa ukumbini. Tupo. Jumamosi iliyopita tulikuwa mlangoni.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na orodha ndefu. Nilitaka kukuomba utenge fungu kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, viti, vyoo, posho kidogo ya nauli kwa mwalimu wetu ambaye magoti yanamsumbua na bado hutembea, maana mwaka huu ameanza kushika ukuta akipanda zile ngazi. Nilitaka pia kukuambia kwamba Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inatupa haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti, na kwamba tunaanza kukusanya sahihi. Tunazikusanya kweli. Lakini nimemaliza kuandika na naona yote hayo yanaweza kungoja. Hata vyoo vingoje, tumezoea kwenda kwa jirani.

Nakuomba kitu kimoja. Ufunguo. Jumamosi saa nane hadi saa kumi na moja, saa tatu tu kwa wiki. Siku na saa nyingine zote kodisheni mnavyotaka. Tutafagia kabla na baada, kama tulivyofanya siku zote, na tutaandika majina ya kila aliyeingia.

Jumamosi hii tutakuja tena. Kama kijana wetu atakuwa ametoka seli tutakuja naye, mama yake amesema atamleta mwenyewe kwa mkono. Huhitaji kuja wala kutuma mtu wa kutoa hotuba. Mwachie mlinzi ufunguo.

Wako,
Fundi wa mageti, kwa niaba ya wazazi wa Jumamosi
Nairobi