Barua kwa Mama, kutoka Utah

Torrey, Utah
Marekani

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu huko Kibokoni, Mombasa. Ujumbe wako wa sauti umenifikia, pamoja na ukali wake wote: mwanamke peke yake jangwani, anatafuta nini? Basi nikujibu, kwani mji huu ukishaingia usiku hakuna la kufanya ila kuandika.

Sipandi milima, Mama. Tangu nitoke Denver sharti langu ni moja: naendesha gari, na kila nisimamapo natafuta njia fupi ya miguu, ya saa moja au mbili, yenye watu. Kuzipata ndiyo kazi. Mbugani mtandao hupotea, kwa hivyo ramani nazipakua usiku nikiwa hotelini. Lakini ramani haisemi yote. Asubuhi naenda kituo cha wageni, namwambia askari wa mbuga: niko peke yangu, nina saa moja na nusu, na jua silitaki. Wao hupima kwa maili, nami nazidisha kwa 1.6, kisha nauliza njia yapanda kiasi gani, na kama kuna kivuli. Kilomita tatu za tambarare na tatu za mwamba mtupu si ndugu hata kidogo.

Iliyonikaa moyoni ni ya Mesa Arch, katika mbuga ya Canyonlands. Kwenda na kurudi ni kilomita moja na kitu tu. Nilifika alfajiri, nikaswali kando ya gari kwa baridi ya kutetemesha meno. Tao lenyewe limekaa ukingoni mwa genge, na chini yake korongo la mamia ya mita. Jua lilipochomoza, mwanga uliugonga ukuta wa mwamba ulio chini, ukaruka juu, na tumbo la tao likawaka rangi ya machungwa huku mgongo wake ungali kijivu. Watu na kamera zao wote kimya. Ila angalia unapoweka mguu! Ukiacha njia hatua mbili tu unakanyaga udongo mweusi wenye vinundu, nao u hai: ni bakteria, kuvu na kuvumwani vilivyoushika mchanga usipeperuke. Unyayo mmoja huchukua miaka mingi kupona.

Delicate Arch, lile tao lililochorwa kwenye namba za magari ya Utah, sikulipanda. Ni kilomita 4.8 kwenda na kurudi, mwamba mtupu, na ilikuwa saa saba mchana. Nililiona toka kituo cha chini, kama mtu aliyekaa English Point atazamavyo Ngomeni, Fort Jesus, ng'ambo ya maji. Yatosha.

Leo nilikuwa Capitol Reef, nikaenda Hickman Bridge, daraja la mwamba lililochongwa na maji. Karibu na hapo, Fruita, kuna mashamba ya matunda yaliyoanzishwa na walowezi wa Kimormoni karne ya 19. Ukiwa shambani unakula bure matofaa yaliyoiva; ya kuondoka nayo ndiyo unalipia. Nililiwa na mbu, lakini nami nilikula.

Kesho ni Bryce Canyon. Njia ya Queen's Garden si ndefu, ila huanza kwa kuteremka, na hizo ndizo naziogopa: kupanda kunakungoja ukiwa umeshachoka, na ukingo wake uko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Nitabeba maji lita mbili na nitakutumia ujumbe kabla ya kushuka na nikishapanda.

Nawe usikae ndani tu. Mwambie Kaka akupeleke Shimba Hills, kwenye maporomoko ya Sheldrick. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, huwaongoza wageni. Nako kwaanza kwa mteremko, kwa hivyo mtoke mapema, na usivae yale makubadhi.

Nisalimie Khaloo na watoto wote.

Wasalaam,
Bintiyo